Fundi Aliyeonja Mchanga Mchana wa Ramadhani

Ukitaka kumjua Ismaili Mnali wa Ufukoni, usihangaike na mikono yake. Mikono ilikuwa ya fundi yeyote, ina sugu na nyufa za simenti. Kilichompa jina mjini ni ulimi. Katika karakana ya ujenzi pale Mtwara yeye ndiye aliyekuwa akipanga zege: simenti kiasi gani, mchanga kiasi gani, kokoto kiasi gani, na maji yaishie wapi, kufuatana na kinachojengwa. Msingi wa nyumba aliupa moja, tatu, sita. Sakafu ya ghala la korosho aliipa moja, mbili, nne. Tangi la maji alilipa moja, moja na nusu, tatu, akieleza kwamba maji yana fitina, yakiona upenyo hayapigi hodi. Lakini kabla ya kutaja hesabu yoyote alichota mchanga kwa vidole viwili, akauweka ulimini, akafumba macho, akatema, ndipo akatoa hukumu.

"Huu wa mtoni, pakueni." Au, "Huu umeonana na bahari, rudisheni ulikotoka."

Hakuna aliyembishia, maana sababu ilijulikana mtaa mzima. Nyumba yake ya kwanza aliijenga mwenyewe kwa mchanga wa ufukweni, hatua thelathini kutoka mlangoni pake, akijisifu kwamba amepata mchanga wa bure. Nyumba ikakaa miaka minne. Mwaka wa tano chumvi ikawa imekwisha kula nondo, nondo zikavimba kutu, na asubuhi ya Idi linta, boriti ya zege ya juu ya mlango wa jikoni, ikapasuka, kipande kikaangukia sufuria ya pilau. Mkewe, Somoe, aliokoa nyama, akaiosha, akaipakua, wala hakusema neno siku hiyo. Maneno aliyaweka. Kila Idi tangu hapo, wageni wakishakaa, alikuwa akiwasimulia kwa hesabu za mumewe: moja chumvi, mbili kutu, nne aibu.

Basi mtu huyu, mwema kwa mengi, alikuwa na ila moja. Ramadhani ikiingia, alijipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma, ya kuwasaka makobe. Kobe, kwa asiyejua, ni mtu anayekula mchana wa mfungo kwa kujificha, kama mnyama mwenyewe anavyotoa kichwa akiona hakuna anayemtazama. Kule mtaa wa Chikongola migahawa ilikuwa ikitundika mapazia mwezi huo, Wakristo na wasafiri wapate kula kwa staha. Ismaili alisimama nje ya pazia, akiinama kidogo, akitazama miguu chini ya meza.

"Viatu hivyo navifahamu," alitangaza. "Bwana Fulani wa posta, uji umepoa?"

Na katika kazi za ujenzi aliweka sheria yake. Mafundi walipofuturu pamoja mkekani, aliyekamatwa kobe alikaa pembeni juu ya karai lililofudikizwa, ameelekea rundo la simenti, akapakuliwa mwisho. Aliyelikalia karai mara nyingi kuliko wote ni Mohamedi, dereva wa lori, kijana mwenye tumbo lisilojua miezi. Mwaka huo wa sabini na tano, Ramadhani ikiwa na siku nane tu, alikuwa amekwisha kulikalia mara tatu. Mara ya tatu alikamatwa na muhogo wa kuchoma ndani ya boneti ya lori.

"Injini inapasha moto," alijitetea.

"Na wewe inakushibisha," alisema Ismaili, na watu wakacheka mpaka adhana. Mohamedi hakucheka. Akala futari yake akiitazama simenti, akamwomba Mungu amwonyeshe tu siku moja mzee naye juu ya karai.

Siku hiyo ilikuwa njiani, inakuja na lori lake mwenyewe.

Kulikuwa na kijiji, tukiite Nakalola, kilichohamishwa mwaka uliotangulia kutoka kingo za Ruvuma kikapangwa mistari kando ya barabara. Mistari ilinyooka vizuri sana, ila maji yalibaki kule mtoni. Kisima kilichochimbwa kilitoa maji ya magadi ambayo hata mbuzi walikuwa wakiyanusa kwanza. Kina mama walitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, ndoo kichwani. Ikaamuliwa lijengwe tangi la zege la kukinga maji ya mvua kutoka paa la shule na la zahanati, liwe tayari kabla ya masika. Simenti iliombwa mwezi wa Januari, ikafika Septemba, mifuko sitini na miwili, na karani aliyeitoa aliapa kwamba mkoa mzima haukubaki na simenti hata ya kuzibia jino. Likiharibika tangi hilo, hakuna jingine.

Ismaili alipelekwa kupanga zege, pamoja na Bwana Stefano, fundi sanifu kijana kutoka Bukoba, mpole, amesoma. Stefano alikuwa na pia ya bati, yenye umbo la koni, ya kupimia ulaini wa zege na kisanduku chenye nafasi ya chupa ya dawa. Ukitia dawa ile kwenye maji yaliyooshea mchanga, yanageuka meupe kama maziwa kukiwa na chumvi. Nafasi ya chupa ilikuwapo. Chupa yenyewe iliagizwa Dar es Salaam tangu Saba Saba.

"Kwa hiyo dawa ni wewe, mzee," alisema Stefano.

"Dawa imefunga," alijibu Ismaili. "Mchana siweki kitu mdomoni. Mchanga uletwe leo, nitauonja jioni nikishafuturu, tumwage zege kesho."

Stefano akamweleza, kwa adabu, kwamba amesikia mpishi anaruhusiwa kuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi akatema. Ismaili akamwambia kwamba Somoe naye huleta hoja hiyo kila mwaka, na kila mwaka jibu ni lile lile: ulimi uliofunga haupokei wageni. Alilisema kwa sauti, mafundi wote wakisikia, na Mohamedi akaliweka akibani.

Mambo yakaenda kwa utaratibu huo. Mohamedi alileta mchanga kutoka juu ya mto, mbali, ambako maji ya bahari hayafiki. Jioni Ismaili akafuturu kwa tende na uji, akauonja, akafumba macho, akasema, "Mtamu." Alfajiri kijiji kizima kikajitokeza kwa kujitolea. Wanaume walichanganya kwa masepetu, wanawake walipokezana makarai, na Kasiani seremala, aliyetengeneza boksi la mbao la kushikilia kuta, alizunguka akigonga misumari na kuvuta ugoro. Ismaili alisimama penye sanduku la kupimia kama karani wa kura: moja, moja na nusu, tatu. Kila mara alifinya bonge la zege kiganjani. Likikaa, anaitikia. Likichuruzika, anamgombeza wa maji.

Saa tano ukuta ulikuwa umefika kiunoni, na mchanga ukaisha.

"Umekwishaje?" Ismaili alipaza sauti. "Jana niliupima mwenyewe!"

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Issa, akakohoa. Alikuwa mtu wa nia njema, nia ambayo mara nyingi ilimtangulia akili. "Fundi, uani kwa msikiti kulikuwa na vumbi. Watu wakisali tarawehe wanapiga chafya. Tukachota kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Theluthi."

"Basi ukarudishwe!"

"Uliokwisha kuingia msikitini ni wa Mungu," alisema Ndugu Issa, na wazee wawili wakaitikia kwamba ni kweli.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida, na Ismaili aliiona yote mara moja. Ukuta wa tangi humwagwa kwa siku moja bila kupumzika. Ukiuacha ukauka nusu, zege la kesho halishikani na la leo, unabaki mshono, na maji yale yenye fitina yatapita hapo. Akamtuma Mohamedi na lori arudi kule kule juu ya mto, na akawaambia watu wapunguze kasi.

Mohamedi akarudi baada ya dakika hamsini. Jana safari ile ile ilimchukua saa mbili.

"Umekwenda wapi?" aliuliza Ismaili.

"Mtoni."

"Mto mrefu, Mohamedi. Mtoni wapi?"

"Mzee, mchanga si huu? Tazama."

Ulikuwa mzuri, mweupe, punje kali, haukutofautiana na wa jana hata kidogo. Lakini kule chini, karibu na mikoko, mto nao una mchanga mweupe wenye punje kali, na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari hupanda ikaulalia. Kwa macho hutaujua. Njia ya kuujua ilikuwa moja, nayo ilikuwa imefungwa tangu alfajiri nyuma ya meno ya Ismaili.

Watu wakasimama na makarai yao. Jua lilikuwa utosini.

"Bwana Stefano," Ismaili alisema taratibu, "wewe hukufunga. Onja."

Stefano akachukua punje chache, akaziweka mdomoni, akatafuna. Meno yakalia watu wakasikia. "Una ladha ya... mchanga," alisema.

"Usitafune! Uache ukae."

Akachukua tena, akauacha ukae. "Kitaalamu," alisema, "siwezi kuthibitisha."

Akaitwa Kasiani. Kasiani akauonja kwa fahari, akalamba midomo, akasema ni mtamu kabisa. Ila ugoro ulikuwa umeuua ulimi wa Kasiani tangu enzi za mkoloni. Wiki ile ile alikuwa amekunywa chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari, akaomba kikombe cha pili. Akaitwa Mwalimu Veronika wa shule ya msingi, mtu makini aliyetoka Songea. Akaonja, akafikiri, akasema upo ukali wa chumvi kidogo, kiasi cha kutosha mboga ya majani, lakini pia asubuhi alikula dagaa, kwa hiyo asingependa kuapa.

Ndugu Issa aliona kwamba taifa linahitaji uongozi. Akapanda juu ya pipa. "Ndugu wananchi! Jambo likishindikana tunaliamua kwa pamoja. Wanaosema mchanga una chumvi, wanyooshe mikono."

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Ismaili, "chumvi haipigiwi kura."

"Kila kitu hupigiwa kura."

Ikabainika hata hivyo kwamba wenye haki ya kupiga ni wale tu walioonja, yaani watatu. Mmoja akasema ndiyo, mmoja hapana, na Bwana Stefano akajizuia kitaalamu. Mwenyekiti akashuka kwenye pipa.

Penye moto wa futari ya pamoja alikuwa ameketi Bi Zuhura, mpishi wa kijiji, mama wa makamo mwenye mwiko mrefu na subira fupi. Akaja polepole, akijifuta mikono kwa kanga.

"Fundi, mwanangu. Hiki mnachokoroga hapa si ni kupika? Una vipimo, una maji, una cha kukorogea. Mpishi anaonja kwa ncha, anatema, anasukutua. Mimi nimeonja mchuzi wa msikiti huu Ramadhani thelathini, na sheikh mwenyewe anaula. Ulimi wangu wajua mchuzi, mchanga haujui. Wewe kwa nini usionje?"

Ninavyomjua Ismaili, hakuwa akifikiria fikihi. Alikuwa anawaona wale watu wote, na Mohamedi ameegemea mlango wa lori, macho yamemtoka. Aliviona viatu vyote alivyovitaja nje ya mapazia yote ya Chikongola. Na ng'ambo nyingine akauona ukuta ulioishia kiunoni, na mwanamke mmoja aliyekuwa ameleta maji ya kuchanganyia zege kwa ndoo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, amekaa chini sasa anakanda nyayo zake. Akaona aibu, na aibu ile haikuhusu karai.

Akainama, akachota kwa vidole viwili. Akatoa ulimi mbele ya kijiji kizima saa sita mchana, siku ya tisa ya Ramadhani. Mtu mmoja akasema, "Lo!" Akafumba macho.

Akatema. Au alikusudia kutema. Kinywa kilichokauka tangu alfajiri hakikuwa na mate ya kutemea. Punje zikagoma, zikashika kaakaa, akakohoa, akavuta pumzi, na koo likafanya kazi yake ya siku zote.

"Una chumvi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Umwageni."

Kelele zikaanza, watu wakamgeukia Mohamedi. Ismaili angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona ndani ya koo lake, na Bi Zuhura alikuwa amekwisha kumletea kata ya maji ya kusukutua. Lakini aliinua mkono.

"Ngojeni. Na nimemeza."

"Umemeza nini?" aliuliza Ndugu Issa.

"Mchanga! Nimemeza mchanga. Kusudi sikukusudia, lakini nilijitia mwenyewe kinywani, na umeshuka. Leo sina saumu. Nitailipa. Sasa mnieleze, wapi tena kijijini kuna mchanga wa juu ya mto, maana ukuta unakauka!"

Mwalimu Veronika akashika kichwa. "Uwanja wangu," alisema. "Shimo la kurukia."

Shuleni kulikuwa na shimo la kuruka umbali, refu, pana, ambalo wanafunzi walilijaza muhula mzima kwa mchanga walioubeba na kina mama zao kutoka juu ya mto. Wakaliendea wote, na masepetu, na makarai, na vyungu. Ismaili akauonja pale shimoni kwa ncha tu, akiwa amelowesha ulimi kwanza kama alivyofundishwa na Bi Zuhura, akatema vizuri mara tatu. Mtamu. Wakaupeleka mbio, moja, moja na nusu, tatu, na saa kumi na moja jioni ukuta ukafika juu. Stefano akainua pia yake ya bati kwa mara ya mwisho, bonge likashuka inchi mbili kamili kama ilivyotakiwa, naye akasahau utaalamu akapiga vigelegele.

Adhana ya magharibi ikasikika. Mikeka ikatandikwa, uji ukaja, mihogo ya nazi ikaja, na Mohamedi akatafuta mahali pazuri pa kukaa, penye kuona. Siku aliyoiomba ilikuwa imefika. Alikuwa na maneno manne tayari, yale aliyoyaweka akibani, yote makali.

Hakupata nafasi ya kuyasema. Ismaili alikwenda mwenyewe pembeni, akalifudikiza karai, akalikalia, akaelekea mifuko mitupu ya simenti. Hakuna aliyemwambia. Mgongo wake mpana, wenye vumbi, uliwatazama watu waliokuwa mkekani, na watu wakashindwa kucheka. Bi Zuhura akasimama na upawa wake hajui ampe nani kwanza.

Mohamedi akainuka. Akatafuta karai jingine, akaliburuta mpaka pale.

"Sogea, mzee. Hapa kwangu."

"Mohamedi, leo kaa na wenzako. Ni zamu yangu."

"Zamu yetu," alisema Mohamedi, akainamisha kichwa. "Nilichelewa kuondoka mtoni. Nilikuwa na mihogo miwili nyuma ya mikoko. Nikaona nikienda kule mbali utanihesabia saa, nikapakia pale pale nilipokula."

Ismaili alimgeukia. Asubuhi ile angelitangaza jambo hilo mpaka ng'ambo ya Ruvuma. "Mihogo miwili?" aliuliza.

"Mmoja ulikuwa mdogo."

Wakapakuliwa wa mwisho, wakala wakitazama mifuko mitupu, na mara moja moja mabega yao yalitikisika.

Mwaka uliofuata mapazia ya Chikongola yalikaa kwa amani, na Bwana Fulani wa posta alimaliza uji wake ungali moto. Lakini hayo ni ya baadaye. La kwanza lilikuwa siku ile moja ya kulipa. Mfunguo mosi ukapita, mfunguo pili ukapita, Ismaili akitoa visingizio, leo joto, kesho kazi, mpaka Somoe akamaliza uvumilivu. "Baba Sharifa, mchanga uko tumboni mwako mwezi wa tatu huu. Utalipa lini, ukishakuwa zege?" Ndipo Ismaili akafunga Alhamisi moja ya Desemba, kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Alhamisi hiyo ndiyo waliyochagua Nakalola kufungua tangi. Mvua tatu kubwa zilikuwa zimenyesha, tangi limejaa, ukuta mkavu nje kama ganda la yai, hakuna tone lililotokeza. Lori likaja kumchukua Ismaili bila taarifa. Alipofika akakuta kijiji kimejipanga mistari, Ndugu Issa yuko juu ya pipa lake, hotuba imeshika kasi, na yule mwanamke aliyekuwa akikanda nyayo amesimama bombani na kikombe cha bati. Akakijaza, akapiga goti, akampa Ismaili kwa mikono miwili.

"Wewe kwanza, fundi. Uliumeza mchanga ili sisi tunywe hiki."

Vigelegele vikapigwa. Ilikuwa saa saba mchana, joto la Desemba, na kikombe kilikuwa kinatoa jasho. Ismaili alikishika, akakitazama ndani. Maji yalikuwa maangavu, chini unaona bati. Koo lake, ambalo lilimsaliti mara moja, lilikuwa likiomba limsaliti mara ya pili. Watu wakangoja. Bi Zuhura, aliyekuwa mwepesi wa mambo hayo, akamwona, akaelewa, akaziba mdomo kwa kanga.

"Onja kwa ncha tu, uteme!" alimwambia, huku anacheka mpaka machozi.

"Hapana, mama. Haya si ya kutema."

Akageuka, akamtafuta Mohamedi, aliyekuwa ameegemea mlango wa lori kama siku ile. Akavuka uwanja mzima na kikombe kile, polepole, asimwage hata tone, akakiweka mikononi mwake.

"Ninywee," alisema, "kobe mwenzangu."